Punje ya Mahindi

Sisi tuliokulia Kilosa tunaujua mchezo huu. Unachukua punje ya mahindi ya kukaanga, unairusha juu, unainua uso, unaachama, unaidaka kwa mdomo. Anayedaka nyingi ndiye bingwa.

Jioni moja, nyumbani kwa dada yangu Masanze, wachezaji walikuwa wawili: mpwa wangu mkubwa wa miaka saba, na mdogo wake ambaye hakuwa ametimiza mitatu. Mama yao alikuwa amekwenda kuteka maji. Mdogo alidaka moja, akacheka kwa furaha ya ushindi, na alipovuta pumzi katikati ya kicheko akapaliwa. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Kaka yake akampiga mgongoni kama alivyoona wakubwa wakifanya. Kikohozi kikakata. Mama yao aliporudi na ndoo kichwani aliwakuta wamekaa kimya kwenye mkeka. Yule mkubwa hakusema kitu, kwa sababu mahindi yale alikuwa ameambiwa asiyaguse.

Leo nayajua haya yote. Wakati ule aliyeyajua ni mtoto wa miaka saba peke yake, na siri yake ilitugharimu wiki tano.

Wiki ya kwanza mdogo alipata homa. Zahanati walihesabu pumzi zake, wakasikiliza kifua, wakampa dawa ya nimonia. Homa ikashuka, kikohozi kikabaki. Wiki ya tatu homa ikarudi na dawa ikabadilishwa. Picha ya kifua ilipigwa kwenye kituo kingine, ikaonekana ya kawaida. Mtu mmoja akasema ni pumu. Jirani akasema kifua kikuu, kwa sauti ya chini, kama tulivyozoea kuutaja ugonjwa huo. Bibi yetu, ambaye hajawahi kushika stetoskopu maishani mwake, alimlaza mtoto mapajani akasema, “Huyu anapiga mluzi upande mmoja.” Hakuna aliyemjibu.

Wiki ya tano dada alimpeleka kwa tabibu mwingine. Huyu alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudi kulia. Kisha akauliza, “Mama, mtoto ameshawahi kupaliwa?”

“Hapana, daktari.”

Tabibu akamgeukia yule mkubwa aliyekuwa amesimama mlangoni. “Na wewe, kaka mtu, uliwahi kumwona mdogo wako akipaliwa?”

Mtoto akaanza kulia kabla ya kujibu.

Madaktari huiita sehemu hiyo ya kazi yao kuchukua historia. Mimi nimesoma historia chuo kikuu miaka mitatu, nimeandika insha juu ya misafara na mikataba, na sikuwahi kufikiri kwamba neno lile lile linatumika mezani kwa tabibu, na kwamba huko likikosewa mtoto anaweza kupoteza pafu. Siku ile dada aliponipigia simu kusema wamepewa rufaa wanakuja Dar es Salaam, nilikwenda kuwapokea stendi. Usiku, nikiwa kwenye benchi la Muhimbili nikisubiri asubuhi, nilianza kusoma kwenye simu. Nilitaka kujua jambo moja tu: binadamu alianza lini kutoa kitu kilichoingia kwenye pumzi?

Kwa karne nyingi, kitu kikishaingia mle, mgonjwa alikikohoa kikatoka au hakutoka naye salama. Kisa kimoja mashuhuri ni cha mwaka 1843, London. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi aliyejenga reli na madaraja makubwa ya Uingereza, alikuwa akiwachezea watoto mazingaombwe kwa sarafu ya dhahabu mdomoni. Sarafu ikateleza ikaingia kwenye bomba la hewa. Daktari bingwa wa zama zile, Benjamin Brodie, alimtoboa koo na kuingiza koleo, akakosa. Mwishowe Brunel, mhandisi kweli, alitumia ubao wenye egemeo: akafungwa juu yake, akapinduliwa kichwa chini miguu juu, akapigwa mgongoni. Sarafu ikaanguka. Zilikuwa zimepita takriban wiki sita, na magazeti yalikuwa yakifuatilia habari za koo lake siku hadi siku.

Nilicheka peke yangu pale benchini. Mtu mzima, mhandisi, mchezo wa mdomo mbele ya watoto. Mpwa wangu alikuwa na wenzake wakubwa.

Lakini sarafu ina bahati zake. Ni laini, ni nzito, haivimbi. Punje ya hindi hunywa majimaji ya mwili ikavimba na kubana pale ilipo. Karanga hutoa mafuta yanayochoma utando wa ndani. Na mbegu hazionekani kwenye eksirei kama chuma kinavyoonekana, ndiyo maana picha ya mpwa wangu ilikuwa safi. Wakati mwingine kitu hicho hugeuka kuwa mlango wa upande mmoja: mtoto akivuta pumzi, bomba hupanuka kidogo na hewa hupita, akitoa, bomba hubana na hewa hunaswa. Hapo ndipo unapotokea ule mluzi wa bibi. Na mara nyingi huwa upande wa kulia, kwa sababu tawi la kulia la bomba la hewa ni pana zaidi na limesimama wima zaidi kuliko la kushoto, hivyo kitu kinachoanguka hufuata njia iliyonyooka.

Wilayani kwetu kuna mahali panaitwa Ulaya. Mtu wa Masanze anaweza kwenda Ulaya asubuhi akarudi jioni, na utani huo tunao tangu utotoni. Jibu la swali langu lilitoka katika ile Ulaya nyingine, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, mwezi Machi 1897. Mkulima mzee alifika kwa daktari Gustav Killian akiwa na mfupa wa nguruwe uliokwama katika tawi la kulia la bomba lake la hewa. Killian alimpaka kokeini kooni ili kufa ganzi, akapitisha bomba nyoofu la chuma kupitia mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi ndani kabisa, akamulika, akauona mfupa, akaunasa kwa koleo refu na kuutoa. Hakupasua mahali popote. Madaktari walikuwa wakiamini kwamba matawi yale ni magumu na hayawezi kunyooshwa kwa chuma. Killian alionyesha kwamba yanakubali kusogezwa taratibu.

Mwaka huohuo wa 1897 una maana nyingine kwa benchi nililokuwa nimekalia. Ndio mwaka inaoanzia historia ya Muhimbili, kwa jina la Hospitali ya Sewa Haji. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Uhindi aliyetajirika Bagamoyo kwa kuipatia misafara bidhaa na wapagazi, misafara iliyokuwa ikikatiza Usagara, nchi ya kwetu, kwenda bara. Alifariki mwaka huo huo, na mali yake ikasaidia kujenga hospitali ya Waafrika na Waasia mjini Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikaja hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, na baada ya uhuru jina likawa Muhimbili. Kwa hiyo bomba la Killian na hospitali ambayo lingetumika kumwokoa mtoto wa Masanze ni rika moja. Kati yao kulikuwa na bahari, ukoloni, na miongo mingi ya kusubiri.

Kuna njia ya pili ya kuufikia ugonjwa wa pafu, nayo ni kisu. Historia yake ni nzito zaidi, na daktari wa zamu aliponieleza kwa ufupi ingekuwaje kama tungechelewa, nilielewa kwa nini.

Kufungua tumbo, madaktari walilizoea mapema. Kifua kiliwashinda kwa sababu ya hewa. Mapafu hukaa wazi kwa sababu ndani ya kifua kuna mvuto unaoyashikilia kwenye mbavu. Toboa kifua, hewa ya nje inaingia, pafu linanywea kama puto, na mgonjwa anakosa pumzi mezani. Mwaka 1904, huko Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland, daktari kijana Ferdinand Sauerbruch alitengeneza chumba ambacho msukumo wa hewa ndani yake ulipunguzwa. Mwili wa mgonjwa na madaktari walikuwa ndani, kichwa cha mgonjwa kikatokeza nje kupitia tundu lililobanwa shingoni. Baadaye ilionekana kuna njia rahisi kuliko kujenga chumba: pitisha mpira kwenye bomba la hewa na umsukumie mgonjwa pumzi. Ndivyo inavyofanyika mpaka leo.

Kisu kikapata kazi kubwa, na kazi yenyewe ilikuwa kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza Berlin kwamba amemwona mdudu anayesababisha ugonjwa huo. Miaka miwili baadaye, Mjerumani mwingine, Karl Peters, alifika Msovero, wilayani kwetu Kilosa, akapata alama ya Mangungo kwenye karatasi ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania ameisoma. Mambo haya mawili tulifundishwa katika vipindi tofauti, moja baiolojia na jingine historia, kana kwamba yalitokea katika dunia mbili. Koch mwenyewe alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria.

Kumjua mdudu hakukuleta dawa. Kwa miaka zaidi ya 60 baada ya tangazo lile, mgonjwa wa kifua kikuu alipewa pumziko, chakula, jua na hewa safi. Kwetu Tanganyika mahali hapo palikuwa Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambapo hospitali ya ugonjwa huo ilianzishwa mwaka 1926. Ulaya na Marekani waliongeza kisu. Hoja yao ilikuwa kwamba pafu linalofanya kazi haliponi, basi lilazwe. Carlo Forlanini wa Italia alipendekeza kuingiza hewa kifuani kwa sindano ili pafu lijikunje. Wengine walikata mbavu, tano, saba, wakati mwingine zaidi, ili ukuta wa kifua uanguke juu ya kidonda cha pafu na kukifunga. Aliyepona alibaki na bega lililoshuka maisha yake yote.

Mwaka 1933 kisu kilifika kileleni. Huko St. Louis, Marekani, Evarts Graham alitoa pafu zima la daktari mwenzake aliyekuwa na saratani. Mgonjwa yule alipona na kuendelea kuishi kwa miaka mingi. Graham, aliyekuwa mvutaji wa sigara, naye alikuja kupata saratani ya mapafu. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshaenea pande zote mbili, na operesheni aliyoianzisha mwenyewe haikuweza kumfaa. Alifariki mwaka 1957, na yule aliyempasua alikuwa bado hai.

Niliisoma habari hiyo mara mbili. Bingwa wa kisu aliuawa na kuchelewa.

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kimeanza kutoka mikononi mwa wapasuaji. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Hapa ndipo nchi zetu zinapoingia katika historia hii kama walimu. Miaka ya mwanzo ya 1970, majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalionyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, matibabu yaliyokuwa yakichukua mwaka mmoja na nusu yanaweza kumalizika kwa miezi sita. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akisaidia daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Mpango ulijengwa juu ya vitu ambavyo wilaya inaweza kuwa navyo: darubini, daftari la wagonjwa, mratibu wa wilaya, na mtu wa kumwona mgonjwa akimeza vidonge. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuusambaza ulimwenguni.

Fikiria maana yake. Kazi ambayo Ulaya iliifanya kwa kukata mbavu, wilaya ya Tanzania iliifanya kwa daftari. Daftari ni historia iliyoandikwa mapema: nani alikohoa, tangu lini, nani analala naye chumba kimoja. Ukiyapata majibu hayo mwezi wa kwanza, vidonge vinatosha. Ukiyapata mwaka wa tatu, vidonge vitaua wadudu lakini havitarudisha pafu lililoliwa. Panabaki mashimo. Ndani ya shimo kuvu linaweza kuota likawa donge, na mgonjwa aliyepona kifua kikuu zamani akaanza kukohoa damu. Hapo kisu kinarudi, na kinarudi katika hali ngumu, kwa sababu pafu lililougua muda mrefu huganda kwenye mbavu na mpasuaji hulibandua kidogo kidogo huku damu ikitoka.

Hata punje ya hindi ina njia hiyo hiyo. Daktari wa zamu alinieleza kwa kuchora nyuma ya karatasi. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Punje ikiziba tawi la sehemu moja kwa miezi mingi, usaha unakaa nyuma yake, kuta za bomba zinalegea na kupanuka, na haziwezi tena kujisafisha. Mtoto anakuwa wa kukohoa makohozi mazito kila siku, wa kukosa shule, wa kudhaniwa ana kifua kikuu kisichopona. Hatimaye hakuna la kufanya isipokuwa kupita katikati ya mbavu na kuiondoa sehemu ile. Wapasuaji wa kazi hiyo wapo nchini. Mei 2008 Muhimbili walianza upasuaji wa moyo wa kufungua kifua, na mwaka 2015 ikazaliwa pale pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini wapasuaji wa kifua ni wachache kwa nchi kubwa namna hii, na kutoka Masanze kuwafikia ni takriban kilomita 300.

“Nyinyi mmewahi?” nilimuuliza.

“Wiki tano si mapema,” alisema. “Lakini nimeona wa mwaka mzima.”

Asubuhi walimpeleka. Kazi ile inafanywa na watu wawili wanaogombea njia moja. Mtaalamu wa usingizi anahitaji bomba la hewa ili mtoto apumue, na daktari wa koo anahitaji bomba hilohilo ili apitishe chuma chake. Vifaa vya siku hizi vina lenzi bora na tundu la pembeni la kupitishia hewa, lakini Killian angevitambua mara moja: bomba nyoofu, mwanga, koleo refu. Punje iliyovimba hupasuka ukiibana kwa nguvu, na vipande vikaanguka ndani zaidi. Koo la mtoto wa umri ule ni jembamba kama kalamu. Dada alikaa sakafuni nje ya mlango, kanga kichwani, na sikumwambia lolote kati ya niliyoyasoma usiku.

Haikuchukua saa nzima. Daktari alitoka akavuta barakoa chini, akasema, “Imetoka nzima.”

Dada aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Tulipewa punje yenyewe katika kichupa kidogo. Ilikuwa imevimba karibu mara mbili ya punje ya kawaida, nyeusi upande mmoja. Mtoto alibaki wodini siku chache kwa ajili ya dawa, kwa sababu kifua kilichoziba wiki tano kilikuwa na usaha wa kumaliza. Tuliporudi nyumbani, bibi alimlaza tena mapajani, akasikiliza, kisha akatutazama mmoja mmoja. “Nilisema mluzi,” akasema.

Kaka mtu alikuwa amejificha nyuma ya nyumba. Alijua kipigo chake kimesubiri muda mrefu. Dada alimwita, akamkalisha kwenye mkeka ule ule, akamwekea kichupa mkononi. “Siku nyingine ukiona jambo, sema,” alimwambia. “Hata kama wewe ndiye uliyekosa, sema. Kukosa tutakuja kukuzungumza baadaye.”

Alikitazama kichupa, akakitikisa. Kisha akanigeukia mimi.

“Mjomba, tukiipanda itaota?”

“Haiwezi. Ilishakaangwa.”

Akafikiri kidogo. Akafungua kichupa, akaimwaga uani. Jogoo akaiwahi, akaimeza, akaenda zake.